Thamostati ya kioo cha kugusa kwa nyumba ya zamani: nianzie wapi?

Mwana wa Pangani (Minneapolis)

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mimi na mke wangu tulihamia katika nyumba yetu ya kwanza mwezi Agosti, hapa viungani mwa Minneapolis, na sasa baridi imeshaanza kupiga hodi ilhali sijaamua jambo moja dogo lililopo kwenye ukuta wa sebule. Ni thamostati (kifaa cha kuongoza joto la nyumba) ya zamani, ya duara, yenye mfuniko wa plastiki uliogeuka rangi ya chai ya maziwa, ambayo huzungushwa kwa mkono mpaka kwenye nambari inayotakiwa. Inafanya kazi. Tatizo lake ni kwamba haijui saa wala siku, kwa hiyo joto la saa nane za usiku ni lile lile la saa mbili, mpaka mtu ainuke kitandani akaizungushe, na katika nyumba hii hakuna anayeinuka.

Ningependa kuweka ya kisasa yenye kioo cha kugusa, inayopangiwa ratiba. Nimekwenda dukani mara mbili na mara zote nimerudi mikono mitupu, kwa sababu bei zinaanzia kama dola 40 na kupita 250, na maandishi ya kwenye boksi yanaeleza kila kitu isipokuwa kile ninachotaka kujua.

Hali yetu ni hii. Tuna tanuru la gesi la kupasha nyumba joto katika chumba cha chini ya ardhi na kiyoyozi kikuu ambacho kompresa yake iko nje, na vyote viwili hutumia njia zile zile za hewa. Mke wangu ni muuguzi msaidizi anayefanya zamu za usiku, siku tatu au nne kwa wiki, na siku zenyewe hubadilika kila wiki. Akirudi asubuhi hulala chumba cha juu ambacho huwa na joto kuliko kwingine kote. Mimi niko ghalani mchana. Watoto wawili wako shule. Mama yangu mzazi amekuja kutoka Tanga na atakuwa nasi mpaka Machi, naye akihisi baridi hulizungusha lile duara mpaka mwisho, akiamini kwamba nyumba itapata moto upesi, kama jiko la mafuta ya taa ukipandisha tambi.

Naomba kujua: nitazame nini kabla ya kununua? Je, hiyo ya waifai ina maana kwa nyumba kama yetu? Na je, kweli fedha yake inarudi?

Fundi Hewa (Columbus, Ohio)

Ndugu Mwana wa Pangani, hongera kwa nyumba, na mama tunamwamkia, shikamoo yake. Nimefunga matanuru na viyoyozi kwa miaka 9, na kila vuli huulizwa swali kama lako, nami huwa sijibu mpaka nimeuona ukuta. Kioo ni sura tu. Kinachoamua thamostati ipi itakufaa ni nyaya zilizo nyuma yake, na nyaya hizo alizipitisha fundi ambaye hukuwahi kuonana naye, miaka mingi kabla hujazaliwa.

Anza hivi: zima breka ya tanuru na ya kiyoyozi kwenye boksi la umeme, vua mfuniko wa lile duara kwa kuuvuta taratibu, fungua skrubu zake, ulivute mbele bila kuchomoa waya wowote, kisha upige picha iliyo wazi. Soma herufi zilizo kando ya kila skrubu, wala usitegemee rangi za waya. Kwa desturi mwekundu huenda R, mweupe W, wa njano Y na wa kijani G, lakini fundi aliyeishiwa na waya mweupe hutumia alionao mkononi, nami nimewahi kukuta nyumba ambamo waya wa njano ndio uliokuwa ukiwasha joto. R huleta umeme wa volti 24 kutoka kwenye transfoma ndogo iliyo ndani ya tanuru. W huamuru joto, Y huamuru kompresa ya kiyoyozi, na G huamuru feni. Herufi ya kuitafuta kwa macho mawili ni C, yaani njia ya umeme kurudi kwenye transfoma. Duara lako halikuihitaji, kwa kuwa lenyewe halitumii umeme wowote wa kujiendesha, lakini thamostati yenye kioo kinachowaka na waifai iliyo hewani saa 24 inakula umeme muda wote.

Ukikosa waya wa C usikate tamaa. Mara nyingi waya wa tano umo ndani ya ile kebo, haukufungwa popote, umezungushiwa tu shingoni mwa wenzake na kusukumiwa ndani ya ukuta. Kama haupo kabisa, baadhi ya watengenezaji hutoa kipande cha ziada kinachofungwa upande wa tanuru ili nyaya nne zifanye kazi ya tano. Au unanunua transfoma ya volti 24 ya kuchomeka kwenye soketi ya karibu, na waya wake utaonekana ukutani, jambo ambalo wake zetu hawalipendi. Au unachagua thamostati ya kioo cha kugusa inayotumia betri, ambayo kioo chake huwaka pale tu kinapoguswa. Zipo pia zinazojichotea umeme kidogo kidogo kupitia waya wa joto au wa kupoza. Kwenye nyumba nyingi zinakwenda vizuri, ila nimeitwa mara kadhaa mwezi Januari kwenye nyumba ambamo tanuru lilikuwa linawaka na kuzima kama mtu mwenye kwikwi, na chanzo kilikuwa hicho.

Jambo moja la usalama. Ukikuta nyaya mbili nene zilizofungwa kwa vikofia vya plastiki, na chini ya kuta kuna vipasha joto virefu vya umeme, simama hapo hapo. Huo ni umeme wa volti 120 au 240, na una thamostati za aina yake. Hizi tunazozungumza hapa zitaungua, na wewe unaweza kuumia. Kwa maelezo yako sidhani kama uko huko, lakini wasomaji wengine wanaoishi kwenye nyumba za kupanga wako huko bila kujua.

Na lile duara usilitupe kwenye pipa la taka. Ndani yake kuna springi ya metali mbili na kichupa cha kioo chenye zebaki inayoteleza huku na huku. Ndiyo inayounga na kukata umeme. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki bila kulitikisa, ulipeleke kwenye kituo cha kaunti cha taka hatari. Sitaki kuondoka bila kusema kwamba mko nyumbani kwa kifaa chenyewe: mwaka 1885 Albert Butz alibuni hapo hapo Minneapolis chombo cha kufungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuru la makaa, na kampuni iliyotokana na kazi yake ndiyo iliyokuja kuwa Honeywell, iliyoanza kuuza duara kama lako mwaka 1953, umbo lake likiwa limechorwa na Henry Dreyfuss. Mimi huyavua kwa adabu.

Mwana wa Pangani

Fundi, ahsante sana. Nimefanya kama ulivyoelekeza jana jioni, mwanangu mkubwa akinishikia tochi. Herufi zilizotumika ni R, W, Y na G, nyaya nne, na rangi zinafuata desturi. Halafu nikaingiza kidole kwenye tundu nikakuta waya wa buluu, ncha yake haijawahi kumenywa, umejiviringisha kwenye ganda la kebo kama mjusi aliyelala. Nikashuka chini kwenye tanuru, na huko nako waya wa buluu upo, umekunjwa tu pembeni, haujafungwa. Nimefurahi kama niliyeokota fedha kwenye koti la zamani. Tundu lenyewe ni kubwa, linapitisha hewa ya baridi ambayo niliihisi kwenye vidole.

Fundi Hewa

Umeokota kweli. Breka ikiwa imezimwa, mfunge huyo wa buluu kwenye skrubu ya C kwenye bodi ya tanuru na upande wa pili kwenye C ya thamostati mpya. Utakuta kwenye C ya bodi tayari kuna waya mwingine unaotoka kwenye kompresa ya nje. Usiuondoe, wanaishi pamoja. Angalia sana R na C zisigusane umeme ukiwepo, maana kwenye bodi kuna fyuzi ndogo kama za gari, ya ampea 3 au 5, nayo itakatika papo hapo.

Ziba tundu hilo kwa puti kabla ya kufunga bamba. Hewa ya ndani ya ukuta ikipuliza mgongoni mwa thamostati, itapima ukuta badala ya sebule, na mtabishana na namba zisizo za kweli msimu mzima. Kama duara liko kwenye ukuta wa ndani, kiasi cha mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na jua la dirishani, mbali na jiko na mbali na tundu linalotoa hewa ya moto, basi acha mpya papo hapo. Kama sivyo, kuihamisha kuna faida kuliko kuongeza dola 100 kwenye bei ya kioo.

Mama Zawadi (Des Moines)

Fundi ameshamaliza habari za nyuma ya ukuta, nami niseme za mbele yake, kwa maana thamostati haitumiwi na fundi bali na watu wa nyumbani. Sisi tumetumia mbili za kugusa katika miaka 7, na ya kwanza ilitushinda.

Hiyo ya kwanza ilikuwa na kioo kidogo, maandishi madogo, na ratiba iliyofichwa ndani ya kurasa tano. Baba mkwe alipokuja kutoka Kigoma, mume wangu akiwa safarini, alijitolea kuipanga ili tuamke kwenye joto saa kumi na moja alfajiri. Aliandika 11:00, kama anavyoisoma saa yake maisha yake yote, na asubuhi tukaamka meno yanagongana, joto likaja saa tano, nyumba ikiwa tupu. Tulicheka, lakini nikajifunza kwamba atakayeipanga ratiba awe mmoja, na wengine wote waweze kuisoma. Kwa hiyo ukiwa dukani simama hatua tatu kutoka kwenye ile ya maonyesho, uone kama namba ya joto inasomeka bila miwani. Kiguse kioo mwenyewe: vingine vinataka mguso mwepesi kama simu, vingine vinataka kubonyezwa, na hivi vya kubonyezwa ndivyo vinavyokubali kidole chenye unga wa maandazi. Tafuta pia kama kuna kitufe cha kusitisha mguso kwa sekunde chache ili uweze kupangusa kioo bila kubadilisha joto. Ni jambo dogo ambalo halikumbukwi mpaka siku ya kwanza ya usafi.

Kuhusu mama yako, ndugu yangu, usimnyime haki ya kugusa. Karibu zote zina namna mbili za mguso: ule wa muda, ambao joto hubaki ulivyoliweka mpaka kipindi kinachofuata cha ratiba, na ule wa kudumu, ambao husimamisha ratiba yote mpaka mtu airudishe. Kwenye kioo utaona neno HOLD. Mfundishe ule wa muda. Kisha ingia kwenye mipangilio uweke kikomo cha juu, tuseme nyuzi 74 za Fahrenheit, ili hata akibonyeza mara ishirini isipite hapo. Na umwekee Selsiasi badala ya Fahrenheit kama inaruhusu. Mtu wa Tanga akiona 21 anajua la kufanya, akiona 70 anadhani tunapika. Lugha ya Kiswahili sijaikuta kwenye yoyote, ila namba na mishale vinatosha.

Msomaji wa Bili (Saint Paul)

Naomba nijibu swali la fedha, kwa sababu hapo ndipo matangazo hukimbia mbele ya ukweli.

Idara ya Nishati ya Marekani inasema kwamba ukishusha joto kwa nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa saa 8 kila siku, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka ya gharama za kupasha na kupoza nyumba. Soma tena maneno "unaweza" na "hadi". Anayeokoa ni ushushaji, si kifaa. Mtu mwenye duara la zamani anayelizungusha kila usiku anaokoa vile vile. Ndiyo maana mpango wa serikali wa Energy Star, wa kutambua vifaa vinavyobana nishati, uliokuwa ukiweka alama yake kwenye thamostati za ratiba, uliiondoa alama hiyo mwisho wa mwaka 2009: watu walizinunua, wakashindwa kuzipanga au wakaziacha kwenye HOLD, na bili hazikushuka kama ilivyotarajiwa. Alama ilirudi mwaka 2017, mara hii kwa zile zinazounganishwa na intaneti, na kwa sharti kwamba mtengenezaji aonyeshe matokeo yaliyopimwa kwenye nyumba za watu. Makadirio yao ni kama asilimia 8 ya gharama za kupasha na kupoza.

Sasa uje kwenye nyumba yako. Ahadi ya ratiba ni kwamba nyumba hukaa tupu mchana, na yako haikai tupu: mama yupo, na mkeo analala. Kilichobaki ni usiku, kwa muda wa saa saba au nane hivi, na siku ambazo mkeo hayupo usiku hazibadilishi kitu kwa kuwa nyinyi wengine mmelala. Ukishusha kutoka 69 hadi 62 usiku mtaokoa, lakini msitegemee muujiza. Chukua bili za gesi za nyumba hiyo za Novemba hadi Machi, hata kama ni za waliowatangulia, ondoa kile kilichotumika kupikia na kuchemshia maji, ambacho utakikadiria kwa kutazama bili ya Julai, kisha piga asilimia 5 hadi 8 ya kinachobaki. Kwa nyumba yangu hesabu hiyo hutoa kama dola 45 kwa msimu. Thamostati ya dola 90 inarudisha fedha yake kwa miaka miwili. Ya dola 250 nitakuwa naisubiri mpaka mtoto wangu wa mwisho amalize shule ya sekondari.

Kabla ya kulipa, uliza kampuni yako ya gesi na ya umeme kama wanarudisha sehemu ya bei. Wengi hufanya hivyo kwa zenye alama ya Energy Star, lakini soma masharti, kwani baadhi hukutaka ukubali wakipandishe kiyoyozi chako nyuzi kadhaa wakiwa mbali, siku za joto kali ambapo gridi imezidiwa. Si jambo baya, ila mwenye kulala mchana wa Julai ndiye atakayelipia.

Kuhusu waifai mimi nina mashaka. Thamostati ya waya hukaa ukutani miaka 20 au 30, ilhali huduma ya intaneti iliyo nyuma yake ina umri mfupi. Zile za Nest, chapa ya Google, za kizazi cha kwanza na cha pili, za mwaka 2011 na 2012, ziliondolewa kwenye programu ya simu tarehe 25 Oktoba 2025. Bado zinaendesha joto ukizigusa ukutani, lakini aliyelipa zaidi ili aiguse akiwa mbali hana tena alichokilipia.

Mama Zawadi

Msomaji wa Bili, hesabu yako siipingi, ila umeisahau zamu ya usiku. Mimi nami nimefanya zamu hizo. Ratiba ya siku 5 na 2, ile inayodhani kwamba Jumatatu hadi Ijumaa ni sawasawa, haimfai mtu ambaye Jumanne ya wiki hii si ya wiki ijayo; atafute walau ya siku 7, kila siku na mpango wake, na kwa zamu zinazobadilika hata hiyo itampiga chenga. Hapo ndipo simu inapofaa: unatoka kazini saa moja asubuhi, ukiwa kwenye maegesho unagusa mara moja, na chumba kinakusubiri. Na kwa chumba cha juu chenye joto, zipo zinazokubali kihisi kidogo kisicho na waya unachokiweka mezani chumbani, ukaiambia ifuate kihisi hicho kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, na sebule usiku. Hilo si anasa kwa mtu anayelala mchana. Zile za Nest ulizozitaja zimebaki zikifanya kazi ukutani, kwa hiyo aliyenunua hakubaki gizani.

Mtu wa Pampu (Raleigh, North Carolina)

Neno fupi kwa wasomaji wenye pampu ya joto, maana ushauri wa kushusha nyuzi 7 hautufai sisi. Mwaka wa kwanza nilishusha kutoka 70 hadi 62 usiku, na asubuhi thamostati ilipotaka kurudi juu upesi, kwenye kioo likatokea neno AUX. Neno hilo maana yake ni kwamba koili za umeme zimewashwa kuisaidia pampu. Kwa uniti moja ya umeme pampu huleta ndani joto la uniti mbili au tatu, kwa kuwa hulichota nje. Koili huleta uniti moja tu. Bili ya Januari ilinifunza. Sasa nashusha nyuzi 2 au 3 tu, na nimechagua thamostati inayoniruhusu kuzuia koili zisiwake mpaka nje kuwe na baridi ya kiwango nilichokiweka mwenyewe. Hakikisheni pia ina skrubu ya O/B, ile inayoigeuza pampu kati ya joto na baridi, na kwamba mmechagua herufi sahihi kwenye mipangilio, la sivyo mtaomba joto mkaletewa baridi.

Kijana wa Mikocheni (Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa. Je, kifaa kama hiki naweza kumfungia mama nyumbani Dar? Ana viyoyozi vitatu vya ukutani vya rimoti na huviacha vikiwaka usiku kucha.

Fundi Hewa

Marahaba, kijana. Hapana, hizi hazitafanya kazi huko. Viyoyozi hivyo vya vipande viwili vina thamostati yao ndani, na sehemu ya ndani huzungumza na ya nje kwa lugha ya mtengenezaji, si kwa nyaya za volti 24. Kinachowafaa ni kijidude kinachotuma miali kama ya rimoti na kupangiwa saa. Lakini kabla ya kununua chochote, tazama rimoti ya mama: karibu zote zina kitufe cha saa ya kuzima, na nyingi zina kile cha usingizi kinachopandisha joto polepole usiku. Bei yake ni sifuri.

Na Mwana wa Pangani, ukishanunua, usipite mbio kwenye ukurasa wa mafundi unaotokea mara ya kwanza. Utaulizwa aina ya mtambo, na kwenye baadhi utaulizwa mtambo uwake mara ngapi kwa saa. Nenda ukatazame tanuru: kama bomba la moshi ni jeupe, la plastiki, hilo ni la ufanisi wa zaidi ya asilimia 90, chagua 3, kama ni la chuma, kwa kawaida chagua 5. Wengi huacha kama ilivyotoka kiwandani kisha wakalalamika kwamba nyumba inapanda na kushuka.

Mwana wa Pangani

Ndugu zangu, nimerudi kutoa taarifa, baada ya wiki tatu na theluji mbili.

Nilichukua ya kati. Ina kioo kikubwa cha kubonyezwa, ratiba ya siku 7, waifai, na kihisi kimoja cha chumbani, kwa dola 149, na kampuni imeahidi kunirudishia 50. Msomaji wa Bili atanisamehe; hesabu yake niliifanya mezani na mke wangu, na tulikubaliana kwamba zile dola za ziada tunanunua usingizi wake.

Kazi ilichukua saa mbili, na nusu yake ilikuwa hofu. Nilifunga waya wa buluu juu na chini, nikaziba tundu kwa puti, nikanyoosha bamba kwa pima-maji, nikarudisha breka, na kioo kikabaki cheusi. Nikajua nimeunguza fyuzi. Nikashuka, nikaichomoa, nikaitazama kwenye taa: nzima. Nikarudia nyaya zote, zimekaa. Nilikaribia kuirudisha thamostati kwenye boksi lake ndipo mwanangu akauliza kwa nini mlango wa tanuru umeinuka upande mmoja. Nyuma ya mlango huo kuna kibonyezo cha usalama ambacho hukata umeme wote usipofungwa sawasawa. Nikausukuma kwa goti, ukalia ta!, na kutoka juu nikamsikia mama akisema, "Imewaka taa."

Bomba letu ni jeupe, nimeweka 3. Usiku tunashuka hadi 63, asubuhi 69, na kikomo cha juu ni 73, zote za Fahrenheit, ingawa kwenye kioo nimeweka Selsiasi. Siku ya pili mama aliniamsha akisema mtambo umeharibika, unawaka saa kumi na dakika arobaini wakati nilimwambia saa kumi na mbili. Nilisoma kitabu chake: saa unayoiandika si ya kuanza kupasha bali ni ya joto kuwa limeshafika, nayo hujifunza yenyewe ianze mapema kiasi gani kulingana na baridi ya nje. Sasa mama humweleza hivyo kila mgeni anayeingia. Na kuizungusha mpaka mwisho ameacha, maana hakuna cha kuzungusha. Hubonyeza mshale wa juu mara mbili, husubiri, hujifunika kanga ya pili.

Duara limo kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, litakwenda kwenye kituo cha kaunti Jumamosi. Upande wa kiyoyozi sijaujaribu kabisa, kwa kuwa nimeelezwa kwamba kuiwasha kompresa kwenye baridi hii kunaweza kuiharibu, hivyo kama Y inafanya kazi au haifanyi nitawaambia mwezi Mei.